Vijiti Viwili, Mkono Mmoja

Neno lililotolewa siku ya pili ya mkutano wa maadhimisho, Kampala. Limeandikwa kutoka katika rekodi.

Nawasalimu mliotoka Kenya kupitia Busia na Malaba, mliotoka Tanzania kupitia Mutukula, na ndugu zetu wa Kongo mliopita Mpondwe. Ninyi wa Rwanda nawasalimu mara mbili, maana tunakumbuka mpaka wa Gatuna ulivyofungwa Februari 2019, na njia haikufunguliwa tena vizuri mpaka mwisho wa Januari 2022. Miaka hiyo tulikuwa tunaombeana kwa simu. Leo mmeketi hapa mbele yetu. Haleluya!

Fungua nami Ezekieli 37. Najua, ukisikia Ezekieli 37 unakimbilia mifupa mikavu. Mifupa tumeihubiri sana, hata watoto wa shule ya Jumapili wanaijua. Lakini tukifika mstari wa 14 tunafunga Biblia tunaanza kuimba. Mimi leo naanza mstari wa 15. Nabii anaambiwa achukue kijiti, aandike juu yake jina la Yuda na wenzake. Achukue cha pili, aandike jina la Yusufu, yaani Efraimu, na wenzake. Halafu avishike pamoja mpaka viwe kimoja mkononi mwake. Watu wakimwuliza maana yake, awaambie kwamba Mungu atazikusanya nyumba hizi mbili, zitakuwa taifa moja chini ya mfalme mmoja, wala hazitagawanyika tena.

Sasa, huwezi kufurahia kijiti kilichoungwa kama hujui kilivunjikaje. Rudi 1 Wafalme 12. Sulemani amekufa. Watu wamekusanyika Shekemu kumtawaza Rehoboamu mwanawe, na wana ombi moja tu: baba yako alitutwika kongwa zito, wewe lipunguze, nasi tutakutumikia. Angalieni, wapendwa, hawakuja na mapanga. Walikuja na ombi. Rehoboamu akasema nipeni siku tatu. Wazee wakamshauri awe mtumishi wa watu hawa, awajibu kwa maneno mazuri. Vijana aliokua nao wakamwambia aongeze uzito. Siku ya tatu akawajibu kwa ukali, na makabila kumi yakaondoka. Halafu, bila aibu, akamtuma Adoramu kwao, yule yule msimamizi wa kazi za kulazimishwa! Wakampiga mawe akafa.

Kwa hiyo ufalme wa Daudi haukuvunjwa na Waashuri. Waashuri walikuja baadaye sana, wakakuta nyumba imeshapasuka. Ulivunjwa na jibu la siku ya tatu. Mkalimani, hapo usiharakishe, hilo lirudie.

Yeroboamu naye si malaika. Mungu alimpa makabila kumi kwa neno la nabii, lakini akaogopa. Aliona watu wakipanda kwenda Yerusalemu kuabudu, mioyo yao itarudi kwa Yuda. Akatengeneza ndama wawili, mmoja Betheli, mwingine Dani, akawaambia watu safari ya Yerusalemu ni mbali, mtachoka. Yaani mgawanyiko ulioanza kwa sababu ya kongwa ukaishia kuwa na madhabahu yake. Ndivyo inavyokuwa siku zote. Watu wanaachana kwa sababu ya mzigo au fedha, na baada ya miaka michache kila upande una mafundisho ya kueleza kwa nini mwenzake si wa Mungu.

Nanyi mlioko Kampala msidhani hayo ni ya Shekemu peke yake. Kesho wageni wetu watapelekwa kuuona mji. Watasimamishwa Namirembe, watatazama upande wa pili wataona Rubaga. Waambieni yaliyotokea kati ya vilima hivi. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa moto siku moja kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwa sababu ya jina moja la Yesu. Mashahidi wanaotajwa kwa majina ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Moto haukuuliza nani ni wa misheni gani.

Sasa hesabuni nami. Kutoka Juni 1886 mpaka Januari 1892 ni miaka mingapi? Haifiki sita. Tarehe 24 Januari 1892 watu wa vyama hivyo viwili walipigana hapa Mengo. Chama kimoja kiliitwa Wafaransa, cha pili Waingereza, na wote ni Waganda! Kapteni Lugard alikuwa na bunduki yake ya Maxim upande wa Waprotestanti. Kanisa la Rubaga likateketea, Kabaka akakimbilia kisiwani, na Wakatoliki wengi wakahamia Buddu, upande wa Masaka. Mpaka leo ukienda Masaka unaona Ukatoliki ulivyo na mizizi kule. Watu waliokufa pamoja, ndugu zao hawakuweza kuishi pamoja.

Na Rehoboamu, mpumbavu kama alivyokuwa, kuna jambo moja alilifanya ambalo Mengo halikufanyika. Baada ya Adoramu kuuawa alikusanya askari 180,000 ili awarudishe watu kwa nguvu. Nabii Shemaya akasimama akasema msipigane na ndugu zenu, rudini kila mtu nyumbani kwake. Nao wakarudi! Jeshi zima. Mimi nikisoma hapo huwa natulia kidogo. Ilitosha mtu mmoja wa kusema wale ni ndugu.

Turudi kwenye unabii. Isaya 11 mstari wa 13 unatuonyesha ugonjwa wa kila nyumba, na kila nyumba ina wake. Efraimu ana wivu. Yuda anaonea. Mungu anaahidi kuondoa vyote viwili: Efraimu hatamwonea Yuda wivu, na Yuda hatamtesa Efraimu. Sisi tunapenda kuhubiri nusu. Aliyebaki anahubiri wivu wa walioondoka. Aliyeondoka anahubiri uonevu wa waliobaki. Unabii umeandika dhambi zote mbili katika mstari mmoja.

Na tazameni tena vile vijiti. Mungu hakusema kijiti cha Efraimu kitupwe, kisha watu wake waje waandikwe kwenye cha Yuda. Kila kimoja kilikuwa na jina lake, na ndani ya kila jina limo neno wenzake. Yeremia 31 mstari wa 31, agano jipya limeahidiwa kwa nyumba ya Israeli na kwa nyumba ya Yuda, zote mbili zimetajwa. Kikombe tutakachokinywa Jumapili ni cha agano hilo.

Niseme kidogo na wale wanaofundisha siku hizi kwamba kabila fulani la kwetu ndilo Efraimu aliyepotea. Wapendwa, damu msiitafute huko. Pale Mbale kuna Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, alisoma Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, watu wake wakaanza kuishika Sabato. Wakati wa Amini walikatazwa, wengine wakaendelea kwa siri. Hatuamini sawa nao. Lakini hawakudai ukoo; walishika walichosoma. Hosea alisema wale walioitwa si watu wangu wataitwa wana wa Mungu aliye hai, na Paulo katika Warumi 9 analichukua neno hilo anatupa na sisi mataifa. Tumeingia kwa huruma. Aliyeingia kwa huruma hasimami mlangoni kuwazuia wengine.

Sasa nafika kwetu, na naomba wazee mnivumilie.

Mnajua kuna wenzetu hawapo katika hema hili. Matawi kadhaa yalituacha, na leo wana ushirika wao. Walileta ombi kwa barua. Walisema fungu la sadaka linapelekwa makao makuu kila mwezi, na hesabu hairudi. Walisema mikutano inaendeshwa kwa lugha ambayo mama wa kijijini haisikii. Kamati ya wakati ule iliomba muda, halafu ikajibu. Jibu hilo sitalisoma hapa, wengi wenu mlilisikia. Lilikuwa jibu la siku ya tatu. Nao walipotoka walisema juu yetu maneno ambayo Roho Mtakatifu hakuwatuma kuyasema. Wivu upo, na uonevu ulikuwapo. Mstari mmoja.

Tufanyeje? Nisomeeni 2 Nyakati 30. Hezekia, mfalme wa Yuda, aliandika barua kwa Efraimu na Manase waje Yerusalemu kula Pasaka. Hakuwaambia kwanza wabomoe Betheli. Matarishi walipita mji hata mji, watu wakawacheka. Lakini wengine wa Asheri, Manase na Zabuloni walijinyenyekeza wakaja. Wengi wao walikuja bila kujitakasa wakaila Pasaka kinyume cha taratibu. Angekuwa mzee wetu mmoja hapa angewatoa nje! Hezekia akawaombea, na Bwana akasikia, akawaponya. Hata Yuda wenyewe hawakuwa tayari, ilibidi Pasaka isogezwe mpaka mwezi wa pili kwa sababu makuhani waliojitakasa walikuwa wachache.

Kwa hiyo kuna barua. Imeandikwa kwa Kiswahili, Kiganda na Kinyarwanda, na ndugu wa Kongo wamesema wataiweka katika Kifaransa. Inawaalika wenzetu katika meza ya Bwana mwakani, bila sharti la kufunga matawi yao. Pamoja nayo inakwenda hesabu ya sadaka ya miaka ile waliyoiuliza, ukurasa kwa ukurasa. Mtunza hazina amekubali, na nampongeza, maana haikuwa rahisi. Wakicheka, wacheke. Barua iko mezani kwa katibu, pale karibu na vyombo vya muziki. Wazee wa matawi wataanza kuweka sahihi, halafu yeyote anayetaka. Wanaotakiwa kuipeleka kwa mkono ni wanne, mmoja kutoka kila nchi iliyo na tawi lililoondoka. Wawili wameshajitoa. Bado wawili.