Njia ya Baiskeli Ni Haki ya Mwananchi

(Hotuba kwa wanachama wa tawi, Dar es Salaam)

Ndugu wanachama,

Mwezi wa Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi katika mji wetu, njia ya kilomita 21 hivi. Kando ya Barabara ya Morogoro pakajengwa pia njia za baiskeli na za waendao kwa miguu. Tulishangilia, na mwaka 2018 mji wetu ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri.

Lakini kujenga njia si kuilinda. Gari likiegeshwa juu ya njia ya baiskeli, fundi arudiye nyumbani hulazimika kuingia katikati ya malori. Na basi la haraka lamfaa nini mama ambaye hawezi kuvuka barabara salama kukifikia kituo?

Wapo wasemao baiskeli ni chombo cha maskini. Tunawajibu: barabara ile ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo hulipwa kwa kodi ya wote, maskini akiwamo. Basi naye ana sehemu yake barabarani.

Ndugu zetu, haki haibishi hodi mlangoni. Kila mmoja wetu ahudhurie mkutano wa mtaa wake, adai mambo matatu: njia za baiskeli ziachwe wazi, zifike vichochoroni tunamokaa, na vivuko viwekwe mbele ya shule na vituo. Mmoja akisema, watamcheka. Mtaa mzima ukisema, watasikiliza.

Umoja ni nguvu!