Maneno ya Kiingereza kwa Ajili ya Mtihani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kondoa)



Bwana Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Safari yetu sisi ni fupi, hadi chumba cha mtihani. Walakini twaanguka njiani.

Mimi nalikariri maneno kwa orodha, neno moja kwa maana moja, kama mtu ahesabuye magunia ya mtama. Siku ya mtihani nikatakiwa kuandika barua ya kuomba kuazimwa kitabu. Nikaandika “borrow” palipotakiwa “lend”. Kiswahili chatosheka na “azima” kwa atoaye na kwa apokeaye pia. Karatasi ikarudi na wino mwekundu, na cheo kikanipita.

Sasa kila neno naliandika ndani ya sentensi nzima, pamoja na mwenzake: “borrow” na “from”, “lend” na “to”. Maneno kumi kwa siku. Kesho yake nafunika daftari najiuliza, na baada ya juma tena. (Yale marefu ya kupambia barua nimeyaacha.)

Daftari ni hili. Atakaye kunakili na anakili hapa hapa, simwazimi mtu.