Kisukari na mfungo wa Ramadhani: tumwone mgonjwa kabla mwezi haujaandama

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia za Njombe na Makambako, wafadhili wetu, na mashehe mlioitikia mwaliko,

Mjumbe mmoja ametuuliza kwa nini fedha za parokia zinunue vipimo vya sukari kwa ajili ya mfungo wa Waislamu. Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Kwa miaka mingi, Mwislamu mwenye kisukari cha aina ya pili akija zahanati tulimwambia neno moja tu: usifunge. Aliitikia "sawa", akaenda kufunga, na hatukumwona tena hadi baada ya Idi. Wala si huku kwetu tu. Utafiti uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 ulionyesha kuwa karibu wagonjwa 8 kati ya 10 wa aina hii walifunga angalau siku 15.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa Makambako, alimeza glibenklamidi wakati wa daku kama alivyozoea kuimeza asubuhi, akashinda sokoni. Saa kumi alasiri akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Wenzake walidhani ni baridi, wakamfunika kitenge. Akazimia. (Kutetemeka kwa baridi tumekuzoea sote huku, lakini baridi haimtoi mtu jasho.) Namshukuru Mungu, alipona. Dawa ile huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu, na sisi hatukuwa tumempangia utaratibu mwingine.

Siku hizi tunawaita wagonjwa wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Daktari huangalia nani anaweza kufunga kwa usalama na nani hawezi. Mjamzito mwenye kisukari, mwenye figo zilizoharibika, na aliyewahi kuzidiwa kwa kushuka sukari miezi ya karibuni, hao tunawashauri wasifunge. Hapo ndipo tunawahitaji mashehe, kwa sababu ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 184 na 185, ina uzito mwingine ikitoka kinywani mwao kuliko kinywani mwa muuguzi wetu Mkristo.

Wanaofunga hupangiwa dawa upya. Metformini mara nyingi huhamia futari na daku. Dawa za jamii ya glibenklamidi hupunguzwa wakati wa daku au hubadilishwa kabisa, na hilo ni la daktari, mgonjwa asijipunguzie mwenyewe. Daku liliwe mwishoni mwa muda wake, maharage na mboga visikosekane. Futari ni tende moja au mbili na maji, siyo chai ya sukari vijiko vinne ikifuatwa na sahani ya viazi vya kukaanga.

Kupima sukari kwa tone la damu kidoleni hakubatilishi saumu, ingawa wengi bado wanaogopa. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, mgonjwa afungue hapo hapo. Ikiwa imeshuka, anywe maji yenye vijiko vitatu vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15.

Sasa turudi kwa mjumbe wetu. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja. Katika parokia zetu wapo wazee wenye kisukari wanaoshinda na njaa siku ya Jumatano ya Majivu huku wakimeza vidonge vile vile, na hakuna aliyewauliza. Vipimo hivi ni vyao pia.

Tunachoomba kwa kila parokia ni mashine moja ya kupimia, vipimo vya kutosha mwezi mzima, na mtu mmoja aliyefundishwa, awe anapatikana kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi.