HESABU KWANZA, SHOKA BAADAYE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Huenda mtu akauliza, sisi watu wa reli tuna habari gani na msitu? Tunayo. Magari ya moshi ya kwanza katika nchi hii yalichoma kuni, na mikaratusi ilipandwa kando ya njia ili kuyalisha. Huko Ufini, kaskazini ya Ulaya, wenzetu waliendelea kutia kuni katika matanuri ya injini hata baada ya Vita Kuu ya pili. Basi leo twatazama misitu ya Serikali ya huko.

Shirika la Serikali liitwalo Metsähallitus, lililoanzishwa mwaka 1859, latunza karibu theluthi moja ya nchi na maji yake, na sehemu kubwa iko kaskazini. Kwetu saipresi huwa tayari kwa mbao baada ya miaka kama 30. Huko Lapland msonobari huhitaji miaka 100 na zaidi. Anayeupanda hatauona ukipasuliwa. Kwa hiyo kusema "Kata mti, panda mti" hakutoshi.

Wafanyaje? Kwanza huhesabu. Ufini ilianza kupima misitu ya nchi nzima mwaka 1921, na kazi hiyo imerudiwa mara nyingi. Pili, mpango huweka mpaka: kinachokatwa kisizidi kinachoota. Ni kama akiba yetu katika chama cha ushirika. Faida huliwa, mtaji hauguswi. Tatu, kila gogo lina kazi yake. Manene huenda kwenye kiwanda cha mbao. Membamba, yanayotolewa ili mengine yapate nafasi, huenda kwenye karatasi na kuni. Nne, kazi nyingi hufanywa majira ya baridi, ardhi ikiwa imeganda, ili mashine nzito zisiharibu udongo.

Lakini msidhani huko hakuna ugomvi. Katika Inari, Wasami hufuga kulungu wa theluji, ambao wakati wa baridi hula ndevu zinazoota juu ya miti mikongwe. Wafugaji walilalamika kwamba ukataji unawanyima mifugo chakula. Walibishana na Serikali miaka mingi, mpaka karibu mwaka 2010 wakapatana, na sehemu za msitu zikaachwa bila kukatwa. Mpango uliosahau watu ulibidi utengenezwe upya.

Na sisi je? Februari 2018 Serikali yetu ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma kwa sababu ya uharibifu, na amri ile haikutangazwa kuondolewa mpaka Julai 2023. Waliokata ovyo hawakuonekana. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu ni mpasuaji mbao, mpakiaji na dereva wa lori. Msitu usipohesabiwa, mfanyakazi hulipa mara mbili: hukosa mti, hukosa na kazi.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawaruhusu wakazi wa kando ya msitu kuunda vyama na kushiriki katika kuutunza. Basi twadai mambo mawili. Mpango unapoandikwa, mfanyakazi wa mbao na mama anayeokota kuni wawe wameketi mezani. Na hesabu ya miti ibandikwe ubaoni kwa Kiswahili, kila mtu aisome.

Ndugu, tusingoje amri ya pili ndipo tuulize hesabu. Umoja ni nguvu.