Kazi Mbovu ya Fundi wa Jikoni: Haki na Wajibu wa Mwenye Nyumba



Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwalipa fidia wananchi wa maeneo ya miradi ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, mkoani Njombe. Penye fidia hujengwa nyumba, na penye nyumba mpya mafundi hufika kutoka mbali, wakiwemo wa Njombe mjini na Makambako. Mmoja huezeka, mwingine hupaka rangi, na mwingine huitwa kujenga meza ya zege ya jikoni, kuitandika marumaru na kufunga sinki. Kazi hii ya mwisho huonekana ndogo. Hata hivyo ndiyo inayomwagikiwa maji kila siku, na ubovu wake haufichiki kwa muda mrefu.

Kasoro zenyewe zinafahamika. Meza huinamia ukutani badala ya kuelekea kwenye sinki, maji yakatuama na kuozesha kabati la chini. Marumaru zikigongwa kwa sarafu hulia kama debe tupu, kwa sababu saruji haikuenea chini yake. Tundu la sinki hukatwa pana kuliko sinki lenyewe. Ama nyufa, aghalabu hutokana na haraka. Zege hutakiwa kumwagiliwa maji kwa siku 7 hivi, na nguvu yake kwa desturi hupimwa siku ya 28. Katika baridi ya Njombe ya miezi ya Juni na Julai zege hukomaa polepole kuliko katika joto la pwani. Fundi anayefungua mbao siku ya pili ili awahi gari la Makambako huacha nyuma yake meza itakayopasuka. Si lazima pawe na nia mbaya hapo. Mara nyingi ni kukimbilia kazi nyingine inayomngoja.

Mwenye nyumba akiona hivyo, wazo la kwanza humpeleka kituo cha polisi. Kwa kawaida huko siko. Kazi mbovu ni uvunjaji wa mkataba, nao ni shauri la madai. Polisi huhusika penye dalili za jinai, mathalani mtu aliyepokea fedha kwa hila na kutoweka pasipo kugusa kazi.

Wazo la pili ni kumwita fundi mwingine siku ile ile abomoe. Hili lina hasara zaidi, kwani ushahidi huondoka pamoja na kifusi. Inafaa kwanza picha zipigwe, mtu mwenye ujuzi asiyehusika aikague kazi na kuandika alichokiona, kisha fundi apewe barua inayotaja kila kasoro na siku alizopewa kurekebisha. Barua hiyo ikikabidhiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa huwa na uzito, na mara nyingi fundi hurejea bila ya kwenda mbele zaidi, maana jina lake ndilo mtaji wake.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, na ile ya Zanzibar, Sura ya 149, zote mbili chimbuko lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 73 cha sheria hiyo ya India kinaeleza fidia ya anayevunjiwa mkataba, na miongoni mwa mifano yake umo wa mtu aliyelipwa kabla ili atengeneze nyumba kwa namna fulani, naye akaitengeneza kinyume cha mapatano. Mwenye nyumba hustahili gharama za kuifanya kazi ilingane na mapatano. Kipimo ni hicho. Si hasira yake, wala si jiko jipya la thamani kubwa kuliko lile lililoafikiwa. Aidha, aliyeumizwa hutarajiwa kuzuia hasara isizidi: anayeliacha bomba livuje miezi mitatu ili deni likue hatasikilizwa vizuri.

Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, ila ni magumu kuyathibitisha. Ujumbe wa simu unaoonyesha malipo na maelezo ya kazi usifutwe. Tanzania Bara, madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, na Mahakama ya Mwanzo huyasikiliza kwa Kiswahili.

Lakini hukumu haigeuki fedha yenyewe. Fundi asiye na mali huenda akaamriwa kulipa kwa mafungu, na mkazi wa Nkomang'ombe atalazimika kumfuatilia hadi Makambako. Kwa sababu hiyo ni heri ujira ugawanywe tangu mwanzo na kuandikwa: fungu la kuanzia, fungu baada ya zege kukomaa, na fungu la mwisho ambalo halitolewi kabla sinki halijajazwa maji usiku na kuachwa hadi asubuhi, fundi mwenyewe akiwapo kulifungua kabati na kutazama chini yake.