Kichaa cha Mbwa Kiwe cha Kwanza

Msikilizaji, mwaka 2015 wataalamu wa afya ya binadamu na wenzao wa mifugo waliketi pamoja hapa Kenya wakayapima magonjwa 36 ambayo watu huambukizwa na wanyama. Walitazama ukali wa kila ugonjwa, uwezo wake wa kuenea, hasara yake, wingi wa wanaougua, na kama kinga au tiba ipo. Matano yakatangulia: kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na homa ya Bonde la Ufa.

Kazi hiyo ilifaa. Bila orodha, pesa hufuata hofu. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwaka 2006 na 2007 iliua zaidi ya watu 150 nchini, na hapa Nairobi watu wakaikimbia nyama ya ng'ombe. Ugonjwa wa namna hiyo haukosi wa kuusemea.

Kichaa cha mbwa huua mmoja mmoja, aghalabu mtoto wa maskini, na msiba huishia nyumbani kwao. Makadirio yanayotumiwa na serikali ni vifo 2,000 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, mgonjwa akayaogopa maji aliyoomba mwenyewe, karibu hakuna anayepona.

Pita Dagoretti asubuhi, karibu na vichinjio. Mbwa wanagombania matumbo mtaroni, watoto wa shule wanapenya katikati yao, na huwezi kujua ni yupi aliyechanjwa. Mwendo mfupi kutoka hapo ni Kabete, kwenye maabara za mifugo na kitivo kinachofundisha madaktari wa mifugo. Ujuzi tunao, tena ni jirani yetu.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale, yaliyokuwa ya pili kwenye orodha ile, si tatizo tena la afya ya umma Kenya. Mbung'o wanaoyaeneza bado wapo na ng'ombe bado wanaugua nagana, yaani malale ya mifugo, lakini kwa upande wa binadamu mambo yamebadilika, na mpangilio wa kipaumbele nao hauna budi kubadilika. Kimeta ni kikali, sibishi. Hata hivyo naona nafasi ya kwanza ni ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa kila kifo chake kingeweza kuzuiwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Mkakati wa taifa ulioanza 2014 uliweka 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo hivi, na mwaka huo umekaribia.

Kaunti ya Nairobi itenge fedha za kuchanja mbwa kila mwaka, kuanzia Dagoretti, Kawangware na Kangemi. Na wewe mzazi, mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.