Tulinde Cheni ya Pikipiki ya Kikundi



Leo tuongee habari ya cheni. Tukizunguka vikundini tunaona pikipiki nyingi hazina kifuniko cha cheni. Tukiuliza tunajibiwa, "Kilijaa matope wakati wa mvua, tukakitoa." Basi changarawe na mchanga vinaingia vyenyewe. Mchanga ukishikana na oili unakula cheni na meno yake kama tupa. Tena leso ya mama aliyepakiwa nyuma yaweza kunaswa pale, na hiyo jamani si hasara ya pesa tu.

Kwa hivyo kifuniko kirudishwe. Kikijaa matope kioshwe, kisitupwe. Kila wiki, na baada ya kila safari ya matope, tuzime injini kwanza, tusugue cheni kwa brashi na mafuta ya taa, tuipanguse ikauke, ndipo tutie oili safi kidogo. Cheni isikazwe sana wala kulegea. Kipimo kimo katika kitabu cha pikipiki, na nyingi hucheza sentimita 2 hadi 3.

Pikipiki ni ya kikundi, si ya dereva peke yake. Mkutano ujao, kabla ya kusoma hesabu, twendeni nje sote tuiangalie.